Mwezi Nilioogopa Chai

Juma lililopita niliwekewa kikombe cha chai katika nyumba ya watu, ghorofa ya saba huko Kilimani, nikakitazama kama mtu anavyomtazama nyoka aliyejikunja juu ya meza. Nyumba ni ya binti wa Maimuna, rafiki yangu wa shule; binti huyo ni daktari wa meno, mwenye sebule pana kiasi kwamba ukimwita mtu wa upande wa pili inabidi ungoje sauti ifike. Maimuna mwenyewe alikuwa amekuja kutoka pwani kupimwa macho Upper Hill, na kwa kuwa aliambiwa angoje wiki moja kabla ya kurudi kwa daktari, akaagiza nitafutwe. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka hamsini na kitu. Tulishikana mlangoni tukalia, halafu tukachekana kwa jinsi tulivyonenepa, kila mmoja akidai mwenzake ndiye aliyeshinda. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Yeye alikuwa amefunga, binti yake amefunga, hata paka wa nyumba ile, kwa jinsi alivyolala, nadhani alikuwa amefunga. Lakini mgeni ni mgeni na mimi ni Mkristo, kwa hiyo saa nne asubuhi nililetewa chai ya maziwa yenye iliki, na mahamri manne kwenye sahani. Nikashukuru, nikakiacha kikombe palepale. Maimuna akauliza kama sukari imepungua. Nikasema iko sawa. Mvuke ukapanda, ukaisha, chai ikaanza kufanya utando juu, na mimi Respa, bibi wa wajukuu tisa, nikawa nimerudi kuwa msichana wa miaka kumi na sita ambaye kikombe cha chai kilimtisha kuliko simba.

Wanaonijua watasema natia chumvi, na ni kweli mimi hutia, wakati mwingine gunia zima. Mimi ndiye niliyemaliza kidato cha nne katika madarasa ya jioni nikiwa na watoto watatu nyumbani na wa nne mgongoni, ambaye nasema hadi leo kwamba alinisaidia swali la mwisho la hesabu. Mimi ndiye hucheka matangani mpaka nahamishwa kiti. Lakini kuna mwezi mmoja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mvua fupi zikinyesha, ambao sijawahi kuucheka wala kuusimulia. Nimeusimulia juma lililopita, kwa mtu mmoja, na kwa kuwa sasa umetoka kinywani, naona hata karatasi inaweza kuubeba.

Sitaeleza tulitoka wapi na kwa nini. Tulitoka magharibi kama nusu ya Kawangware wakati ule, tukaja na Biblia, kuku na jembe ambalo halikupata shamba. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na mbao za masalio, maana baba alikuwa seremala na kila ubao uliokataliwa na wateja uliishia kuwa ukuta wetu. Ukuta huo ulikuwa na nyufa pana hivi kwamba mtu akikohoa upande wa pili unajua kama amefunga mdomo. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, chini ya mabati, na siku nzima ilisikika randa ikienda na kurudi, kwaa, kwaa, mpaka ukimya ukawa ndio kelele. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Mabenchi yote ya kanisa letu aliyaunda yeye, likiwemo benchi la nyuma. Benchi hilo halikuwa na mahali pa kuegemea. Lilikaliwa na walioanguka, na miongoni mwa wasichana kuanguka kulikuwa na maana moja tu, ambayo ilionekana mwezi wa nne au wa tano hata ukivaa sweta la baba. Msichana aliyekaa pale alikuwa ameshaacha shule, na kama baba yake alikuwa mzee wa kanisa, naye alivua uzee wake Jumapili hiyohiyo. Nilikuwa nimewaona wawili. Migongo yao ilivyopinda kwa kukosa pa kuegemea, ilikuwa kama ya ajuza wa miaka mia.

Maimuna nilikutana naye shuleni mjini, shule ya kutwa ya wasichana. Tuligawana dawati, na kabla ya muhula kuisha tulikuwa tumegawana kila kitu. Kwao kulikuwa juu ya duka la vitambaa katikati ya jiji, karibu na msikiti, ngazi nyembamba zenye harufu ya ubani na mafuta ya nazi. Baba yake, Maalim, alifundisha watoto Kurani asubuhi na jioni, na hakuwa na haja ya kupaza sauti. Mtoto akikosea alinyanyua nyusi tu, mtoto akarudia. Mkeka ulikuwa safi kiasi kwamba mara ya kwanza nilitembea kwa vidole kama mwizi. Mama yake, Bi Shamsa, alinilisha siku hiyo mkate wa mofa na mchuzi wa nazi, akaniita mwanangu kabla hajajua jina langu. Nyumbani kwetu tulisali kwa muda mrefu na kula upesi. Kwao walisali upesi na kula kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo tofauti niliyoiona nikiwa mtoto. Mengine yalifanana. Mama yangu aliogopa watu watasema nini kanisani, Bi Shamsa aliogopa watu watasema nini msikitini, na sisi wawili katikati tuliogopa kila mtu.

Mwaka huo Bi Shamsa alianza kuvimba miguu. Ilikuwa moyo. Wiki moja kabla ya Ramadhani alilazwa katika hospitali kubwa kule juu, na kila siku baada ya shule, saa kumi, mimi na Maimuna tulipanda kilima kwa miguu kumwona. Mpaka leo nikipita sehemu zile, na majumba ya vioo yaliyojaa sasa, pua yangu husikia dawa ya kusafishia sakafu. Wodi ilikuwa na vitanda vingi, na kila siku kitanda kimoja kilikuwa kimetandikwa upya, kitupu, na hakuna aliyeuliza aliyelala pale ameenda wapi. Tulijifunza kuingia tukitazama sakafu, tukihesabu vitanda kwa miguu yake ya chuma, tukiinua macho tu tulipofika kwake. Kila mara, kabla ya kuinua macho, moyo wangu ulisimama. Sitii chumvi hapo.

Siku ya mkesha wa mwezi Maimuna alisema mbele ya mama yake kwamba atafunga mwezi huu kumwombea. Mimi, kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu nimezaliwa na mdomo unaotangulia kichwa, nikashika chuma cha kitanda nikasema nami nitafunga, mwezi wote mpaka Idi, Mungu amponye, na nikionja kitu mchana basi niwe nimemkosea Mungu. Bi Shamsa alicheka mpaka kifua kikamkaza. Akasema kwa sauti ya polepole kwamba mwanangu, wewe una masomo, na dini yako ina yake. Lakini nilikuwa nimeshaapa, na chuma kilikuwa baridi mkononi.

Ingeishia hapo ningekuwa nimeonja maandazi siku ya tatu na kusahau. Jumapili iliyofuata, kanisani kwetu, mhubiri mgeni alihubiri juu ya nadhiri. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya lori. Alisema kuna mtu alimwahidi Mungu jambo kwa ajili ya mgonjwa, akavunja ahadi kwa kijiko kimoja cha asali, na kabla jua halijatua mgonjwa amekwisha. Alisema Mungu hakumbuki sababu, anakumbuka neno. Nilihisi benchi likishuka chini yangu. Watu waliitikia amina, mama yangu pia, na mimi nikajua, kama ninavyojua jina langu, kwamba uhai wa Bi Shamsa sasa uko kati ya meno yangu.

Kufunga kwa siri katika nyumba ya Kiluhya ni kazi ngumu kuliko wizi wa benki. Kwetu chai ya asubuhi si kinywaji, ni salamu. Nilificha kiazi kitamu cha kuchemsha ndani ya mto, nikakila kabla ya alfajiri nikiwa nimejifunika blanketi, nikitafuna polepole kwa sababu ya zile nyufa za ukuta. Kulipokucha mama alinimiminia chai. Siku ya kwanza nilisema tumbo, siku ya pili nikasema nimechelewa basi, siku ya tatu nikaimwaga nyuma ya nyumba, kuku wakanisaliti kwa kukusanyika pale kama wameitwa harusini. Niliacha hata kumeza mate, maana nilisikia mahali kwamba kuna wafungao wanaotema, basi nikawa natema. Mchana kichwa kiliniuma. Ngazi za shule zilinifanya nishike ukuta. Msichana asiyetaka chai asubuhi, anayetema mate na kushika ukuta. Sikujiona. Mama aliniona.

Ilikuwa kama siku ya tisa, jua limeshuka, nimeshafuturu kwa ugali na sukuma wiki bila mtu kujua kwamba nafuturu, nikiwa kitandani na kitabu. Upande wa pili randa ilikuwa imenyamaza na baba alikuwa ameingia kula. Nikamsikia mama akimwambia kwamba Respa hanywi chai. Baba akasema labda haipendi siku hizi. Mama akasema maneno ambayo nayasikia hadi leo na nyufa zake: "Baba Ezra, mimi nilikataa chai mara tano. Na una watoto watano." Kijiko cha baba kiligonga sahani kikatulia. Hakumaliza chakula, maana nilisikia mama akifunika sahani.

Nililala macho wazi nikifikiri. Ningeweza kuinuka, kuzunguka ule ukuta wa masalio, na kusema sina mimba, nimefunga. Lakini kufunga na nani, na kwa ajili ya nani? Baba alikuwa mtu mpole, ila mwaka mmoja kabla kijana wa kanisa letu alisilimu ili aoe, na jina lake halikutajwa tena, hata na mama yake mzazi. Kwa hiyo nilikuwa na njia mbili za kuvunja nyumba yetu, na ya tatu, kunywa chai, ilikuwa ya kumuua mtu. Nashangaa leo jinsi msichana mdogo anavyoweza kubeba kitu hicho shuleni, kukaa nacho kwenye somo la jiografia, kutaja mito ya Ulaya, na mwalimu asione chochote zaidi ya uvivu.

Wiki ya pili Bi Shamsa alipata nafuu. Tulimkuta amekaa, ametiwa mito mgongoni, anamfundisha mgonjwa wa kitanda cha pili jinsi ya kusuka ukili, kwa uzi wa bandeji. Maimuna aliruka. Mimi nilishika chuma cha kitanda, kwa sababu sasa nilikuwa na ushahidi. Ilikuwa inafanya kazi. Na jioni hiyo niliporudi nyumbani nikalikuta benchi la nyuma ndani ya karakana, limelazwa ubavu, mguu mmoja umevunjika. Baba alikuwa amechuchumaa analipima kwa futi. Aliinua uso akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, tumboni kwanza halafu usoni, akarudi kupima. Sikumuuliza linatengenezewa nani. Nilipita nikiwa nimeshika mkoba wangu mbele, na nikajua kwamba nimeushika mbele kama wanavyoushika wanaoficha tumbo.

Sasa niseme desturi ya ushirika wetu, maana bila hiyo Jumapili yangu haitaeleweka. Kila Jumapili mchana, baada ya ibada, watu wachache wa mtaa wetu walikutana katika nyumba moja kwa zamu. Walitubu mmoja mmoja mbele ya wenzao, hata mambo madogo kama kumwonea jirani wivu, halafu wote wakanywa chai kutoka birika moja. Aliyekuwa ameficha dhambi hakutakiwa kugusa kikombe. Kwa hiyo kukataa chai ile kulikuwa ni kukiri bila kufungua mdomo. Hakuna aliyekuuliza tena. Wazee waliandika jina lako, basi. Jumapili mbili za kwanza nilikwepa kwa kusingizia masomo, lakini ya tatu ya mwezi ule ilikuwa zamu ya nyumba yetu, na wa kwanza kufika alikuwa Dada Loise, kiongozi wa kina mama, mwanamke mrefu hata akikaa, aliyekuja na birika lake mwenyewe, kubwa kiasi cha kuogeshea ndama.

Lakini kabla ya Jumapili kulikuwa na Ijumaa. Ijumaa hiyo nilipanda kilima nikiwa sioni vizuri. Bi Shamsa alinitazama midomo iliyokauka, akaniambia niende nikamwitie muuguzi. Sikumpata. Niliporudi nilimsikia kutoka nyuma ya pazia akimwambia Maimuna, "Mwambie leo, usingoje." Nilipotokea Maimuna akageukia dirisha. Nilidhani ni habari ya daktari. Nilidhani wameambiwa kitu kibaya na wananificha. Tulishuka kilima tukiongea juu ya mvua.

Jumapili yenyewe niliamka na maumivu ya tumbo ninayoyajua, siku zangu za mwezi zimeanza, nikajifunga kitambaa na kujisemea kwamba hilo ni tatizo dogo kuliko yote. Mchana chumba kilijaa. Walikuwa labda watu tisa, ila kwangu walikuwa kama uwanja wa mpira. Waliimba, wakatubu. Baba alitubu kwamba amekuwa na hasira moyoni dhidi ya mtu wa nyumba yake. Mama hakutubu chochote. Alishika birika la Dada Loise kwa mikono miwili, akamimina, na mfuniko ukawa unagonga tik tik tik. Alinipa kikombe mimi wa mwisho. Kila mtu alianza kutazama mahali pengine: dari, kalenda, viatu. Ni Dada Loise tu aliyenitazama mimi.

"Mama, kunywa," alisema. Hakuwa mkali. Aliniita mama kwa upole kabisa, kama unavyomwita mtoto anayejifunza kutembea. "Kama uko na neno, sema. Kama huna neno, kunywa."

Nilimwona mama. Midomo yake ilikuwa inasema kitu bila sauti, na nilipotazama vizuri ilikuwa ni jina langu. Nilimwona baba, ambaye alikuwa amefumba macho kabisa. Nikaiona ile wodi, na kitanda kilichotandikwa upya. Nilikuwa na kikombe kimoja na watu watatu ndani yake. Nikanywa. Nilikunywa chote kwa mara moja, ya moto, nikaunguza ulimi, nikasikia nyumba nzima ikishusha pumzi. Halafu tumbo lililokaa tupu tangu alfajiri likaipokea sukari ile, likaikataa, nikakimbilia nje, nikatapika kando ya bafu la mabati. Nilipoinua kichwa, Dada Loise alikuwa mlangoni, anatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesoma barua aliyokuwa akiingoja.

Mama alinifuata bafuni. Sijui alitaka kunifanya nini, labda kunipiga, labda kunishika. Aliona vitambaa nilivyofua asubuhi, vimetandazwa juu ya jiwe. Alivitazama. Akakaa chini kwenye maji na gauni lake la Jumapili, akaegemeza paji la uso kwenye mabati, akalia kwa furaha mpaka nikaogopa zaidi. Alipomaliza akajipangusa, akauliza swali lililobaki. "Sasa chai ilikuwa na nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kiazi ndani ya mto, nadhiri, mhubiri. Nilingoja dunia ianguke. Mama yangu, aliyekuwa hajawahi kuingia nyumba ya Mwislamu, aliyenifundisha kwamba waliookoka wako huku na dunia iko kule, alivuta uzi uliochomoka kwenye gauni. Halafu akauliza, "Na huyo mama, leo yuko aje?" Nikasema sijui. Nikasema sasa atakufa. Akaniambia nisiseme hivyo, lakini hakusema kwamba si kweli, kwa sababu naye alimsikia yule mhubiri na naye aliitikia amina. Jumatatu asubuhi hakuniwekea kikombe. Alinipa kisogo, akapanguza meza mahali pangu, ambapo hapakuwa na kitu.

Bi Shamsa alifariki alfajiri ya Jumatano.

Nilijua shuleni, kwa dawati kuwa nusu tupu. Sikungoja kengele. Nilifika kwao nikakuta viatu vimejaa ngazini, vya watu wengi, vimepangwa, na kutoka juu sauti za wanaume wakisoma pamoja, wimbi linapanda, wimbi linashuka. Nilivua viatu vyangu vya shule na kuviweka mwisho kabisa wa mstari. Maimuna alikuwa chumba cha ndani na wanawake, amefunikwa kanga, mdogo kuliko nilivyomjua. Alinishika mkono akaufinya mpaka kucha zikaingia. Akaninong'oneza, "Umefunga, Respa?"

"Nimefunga," nikasema. Siku ile nilikuwa nimefunga kweli. Lakini sote wawili tulijua anauliza nini, na hicho nilichojibu kilikuwa uongo. Akasema basi ni amri ya Mungu. Nilikaa naye mpaka jua liliposhuka, wakatuletea tende, nikaishika yangu mkononi mpaka ikanata.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Ili kunisafisha na tuhuma ya mimba, ilimbidi mama amwambie Dada Loise ukweli, na Dada Loise, ambaye hakuwahi kusema uongo hata kwa faida, aliupeleka kwa wazee wa kanisa. Wazee hawakujua dhambi ile inaitwaje. Walijadili jioni mbili. Mwishowe wakaniweka nyuma miezi mitatu kwa kosa ambalo halikutangazwa, kwa hiyo kanisa zima likaamua lenyewe, likakaa likingoja tumbo langu. Nadhani kuna wazee wachache Kawangware wanaolingoja hadi leo. Baba alinitoa shule ya mjini, nisikutane tena na Maimuna, nikapelekwa kwa fundi cherehani. Hivyo ndivyo nilivyokuja kusoma jioni, mtu mzima, na mtoto mgongoni. Maalim naye, baada ya arobaini, akafunga nyumba na kurudi pwani na binti yake. Hatukuagana.

Jumapili yangu ya kwanza kwenye benchi la nyuma nilikaa wima kama msumari, nimeshika magoti, nikingoja mgongo uanze kupinda kama migongo ya wale wawili. Mahubiri yakarefuka. Nilichoka, nikasahau, nikarudi nyuma kidogo, na mgongo wangu ukakutana na mbao. Niligeuka. Benchi lilikuwa limewekewa egemeo jipya, limepigwa randa mpaka linateleza kama sabuni. Mbele kabisa baba alikuwa ameketi, mabega yake yakitazama madhabahu. Uzee wake alikuwa ameuvua asubuhi hiyo mwenyewe, bila kuombwa. Hakuniambia neno juu ya benchi lile mpaka anakufa, nami sikumwuliza.

Haya yote nilimweleza Maimuna juma lililopita, chai ikipoa kati yetu. Nilimwambia nilikunywa, Jumapili ile, siku tatu kabla. Nilimwambia nilimdanganya siku ya msiba wa mama yake, na kwamba kwa miaka hamsini sijanywa chai ya asubuhi bila kumwona. Alikuwa amevaa miwani myeusi ya hospitali, kwa hiyo sikuweza kumsoma macho. Akaniuliza nirudie pale pa bafuni. Nikarudia. Akaniuliza kama siku zangu zilianza asubuhi, kabla ya ile chai. Nikasema ndiyo.

"Basi hukuwa na saumu, wewe mwanamke," akasema, na akaanza kucheka, kicheko kilekile cha mama yake cha kukaza kifua. "Damu ikija saumu imekatika. Hata ungetaka kufunga usingeweza. Kwani hukujua?"

Nilijua. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima, kama mtu yeyote aliyekaa na majirani Waislamu. Ila sikuwahi kuipeleka sheria hiyo kwenye siku ile. Nilikuwa nimechukua hofu ya dini zote mbili, nikaziachia zenyewe huruma yao. Nilimwambia hivyo, nikijaribu kucheka naye, lakini yeye alikuwa ameacha kucheka. Alivua miwani, macho yake mekundu yakitoa maji, akayapangusa kwa ncha ya mtandio.

Akasema, "Ijumaa ile, mama alinituma kwako. Alisema, mwambie Respa ale. Mwambie nimemruhusu, na Mungu wake ameniruhusu nimruhusu. Alisema mwambie leo. Nikashuka na wewe kile kilima chote nikaongea mvua." Alikunja miwani, akaikunjua. "Niliogopa kubaki nimefunga peke yangu."

Tulikaa. Chini huko magari yalikuwa yakipiga honi kama kawaida ya Kilimani, na jikoni binti yake alikuwa akikata vitunguu vya futari. Kama angeniambia Ijumaa, ningekunywa Jumapili kama mtu anayekunywa chai. Ningekuwa nimemaliza shule kwenye dawati langu. Nililiona hilo lote, na nikamwona naye akiliona, na akingoja.

Halafu akanyoosha mkono, akapapasa meza kwa kuwa macho yalikuwa bado na dawa, akakipata kikombe, akakisukuma kuelekea kwangu.

"Mama anasema ule," akasema.

Ilikuwa baridi, na utando ukanishika mdomoni. Nilikunywa yote, mbele ya mtu aliyefunga, saa tano ya asubuhi, polepole, na nikala mahamri mawili. Ningekula yote manne, lakini nilitaka moja nimpelekee mume wangu, na moja nilimwachia Maimuna, kwa magharibi.